Shukrani Kabla ya Kulala: Inachofanya Akilini na Mahali Inapokomea

Watu wengi wanaosema kwamba hawapati usingizi hawalalamikii kitanda wala joto, wanalalamikia mawazo. Mchana kutwa mtu amekuwa akihangaika na kazi, watoto, foleni na simu zisizokwisha, na wasiwasi wake umekaa kimya kwa sababu haukupewa nafasi. Taa ikishazimwa, ada ya muhula ujao inaingia, inafuatwa na kodi ya nyumba, kisha maneno makali aliyoambiwa kazini, kisha jibu zuri ambalo angelitoa kama lingemjia wakati ule. Kwa mtu wa namna hii kuna ushauri ambao siku hizi unatolewa kila mahali, kuanzia redioni hadi kwenye mimbari: kabla hujalala, kumbuka mambo mema ya siku, uyashukuru, na usingizi utakuja.

Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini umebebeshwa madai mengi kuliko unavyoweza kuyabeba. Wapo wanaoueleza kana kwamba shukrani ni dawa ya kila maradhi ya moyo, na wapo wanaoudharau kwa kuwa wameusikia ukitamkwa na watu wasiojua shida. Mambo hayo mawili yanahitaji kutenganishwa. Ninavyoelewa mimi, baada ya kutazama utafiti uliopo na mapokeo ya dini ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, shukrani ya usiku husaidia kwa njia moja iliyo wazi: inabadilisha kile ambacho akili inashughulika nacho katika dakika chache kabla ya usingizi. Faida yake ni ya kweli, ni ya kiasi, na inapotea kabisa pale shukrani inapotumiwa kufunika jambo linalohitaji kushughulikiwa.

Kwa nini mawazo mazito huja usiku

Usingizi hutegemea nguvu mbili za mwili ambazo mtu hazitawali moja kwa moja. Ya kwanza ni hitaji la kulala, ambalo huongezeka kadiri mtu anavyokaa macho, kwa sehemu kwa sababu ya kemikali iitwayo adenosini inayojikusanya katika ubongo. Ya pili ni saa ya ndani ya mwili, inayofuata mwanga na giza. Hata hivyo nguvu hizo mbili hazitoshi ikiwa mwili uko katika hali ya tahadhari. Wasiwasi huufanya moyo upige kwa kasi, huikaza misuli, na huamsha homoni za mfadhaiko kama vile kotisoli, kwa kuwa mwili hauna namna ya kutofautisha sana kati ya hatari iliyopo mlangoni na deni linalodaiwa mwisho wa mwezi. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa amechoka kupita kiasi na bado akakodoa macho gizani.

Akili yenyewe, zaidi ya hayo, haiyapimi mema na mabaya kwa mizani iliyo sawa. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za nyanja mbalimbali, za ndoa, za hisia, za kumbukumbu na za kujifunza, wakafikia hitimisho kwamba jambo baya huwa na nguvu kubwa kuliko jambo jema la ukubwa uleule. Mwalimu aliyepongezwa na wazazi wengi na kulaumiwa na mmoja atalala na huyo mmoja. Jambo hili si udhaifu wa tabia, wala halionyeshi kwamba mtu hana imani. Kiumbe kinachokumbuka hatari kuliko starehe kina nafasi kubwa zaidi ya kuishi, na sisi ni wazao wa waliokumbuka.

Mtu anapogundua kwamba mawazo yanamzuia kulala, jambo la kwanza analofanya kwa kawaida ni kuyafukuza. Hapo ndipo anaposhindwa. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake, nchini Marekani, waliwaomba wanafunzi wasifikirie dubu mweupe, na kila walipomfikiria wapige kengele. Kengele zililia mara kwa mara, na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakuwa wamezuiwa hapo mwanzo. Anayejiambia kitandani kwamba asiwaze ada atawaza ada. Kisha, kama alivyoeleza Allison Harvey mwaka 2002 katika kazi yake juu ya watu wanaokosa usingizi, wasiwasi huhamia kwenye usingizi wenyewe: mtu hutazama saa, huhesabu muda uliobaki kabla ya kuamka, huogopa atakavyofanya kazi kesho, na hofu hiyo humwamsha zaidi.

Mwaka huohuo Harvey na Suzanna Payne waliwapa baadhi ya watu wenye tatizo hilo kazi ya kujenga akilini taswira ya mahali pazuri panapovutia, na watu hao wakaripoti kulala mapema kuliko wale ambao hawakupewa maelekezo yoyote. Jambo tunalolipata hapa ni kwamba wazo haliondoki kwa kusukumwa, huondoka kwa kupishwa na wazo jingine lenye uzito wa kutosha kuishika akili. Shukrani ni wazo la aina hiyo. Inahitaji mtu akumbuke, achague, na atafute sababu, na kazi hiyo inaijaza nafasi ambayo wasiwasi ungeikalia.

Kitandani, muda mrefu kabla ya maabara

Waliozoea dini hawatashangazwa na haya. Katika mapokeo ya Kiislamu, Bukhari na Muslim, wakusanyaji mashuhuri wa hadithi, wamesimulia kwamba Fatima, binti wa Mtume, aliumia mikono kwa kusaga nafaka kwa jiwe, akaenda kuomba mtumishi wa kumsaidia. Mtume aliwajia yeye na Ali usiku, wakiwa tayari wamelala, akawafundisha kwamba wapandapo kitandani waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34, akisema kwamba hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Waislamu wa pwani na bara wameyatamka maneno hayo kwa karne nyingi, mara nyingi wakiyahesabu kwenye viungo vya vidole. Muktadha wa tukio lenyewe ni wa kuzingatiwa: shukrani ile ilifundishwa kwa mtu aliyechoka kweli, mwenye mikono inayouma, na hakuna aliyemwambia kwamba hakuchoka.

Katika Ukristo wa Kikatoliki, Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Shirika la Wajesuti, aliweka katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichochapwa mwaka 1548, utaratibu wa kuitafakari siku wenye hatua 5. Hatua ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema aliyompa mtu, kisha kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, na kuazimia kurekebisha. Mpangilio huo unafundisha sana. Anayeanza kwa kuhesabu makosa yake gizani huishia kujihukumu, na hukumu ya usiku huwa kali kuliko inavyostahili. Anayeanza kwa shukrani huyafikia makosa yake akiwa ameshakumbuka kwamba siku haikuwa makosa matupu. Mapokeo yote mawili yanakutana pia katika jambo jingine, nalo ni kwamba shukrani ina mahali pa kuelekezwa. Mtu asiye na dini anaweza kuifanya tafakari hii na akanufaika nayo, lakini kwa mwenye imani sala yake ya usiku tayari ni msingi, na hana haja ya kuanzisha kitu kipya kando yake. Anachohitaji mara nyingi ni kuacha kuipitisha harakaharaka.

Watafiti walichokiona

Utafiti ulioifungua njia ulichapishwa mwaka 2003 na Robert Emmons wa Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na Michael McCullough. Walifanya majaribio 3. Katika moja kati ya hayo watu 65 wenye maradhi ya neva na misuli waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliandika kila siku, kwa siku 21, mambo waliyoyashukuru, na jingine halikuandika hayo. Walioandika shukrani waliripoti kulala saa nyingi zaidi na kuamka wakiwa wamepumzika vizuri kuliko wenzao. Hawa hawakuwa watu wasio na matatizo, na ugonjwa wao haukupungua kwa kuandika. Kilichobadilika ni jinsi walivyoziona siku zao na jinsi walivyolala.

Miaka miwili baadaye, Martin Seligman na wenzake walichapisha zoezi ambalo ndilo chanzo cha ushauri mwingi tunaousikia leo. Washiriki, waliopatikana kupitia intaneti, walitakiwa waandike kila usiku kwa wiki 1 mambo 3 yaliyokwenda vizuri siku hiyo, pamoja na sababu ya kila moja. Kundi la kulinganishia liliandika kumbukumbu za utotoni. Walioandika mambo 3 walionekana kuwa na furaha zaidi na dalili chache za sonona hata miezi 6 baadaye, na ilionekana kwamba walionufaika zaidi ni wale walioendelea na zoezi kwa hiari yao baada ya wiki ile kumalizika. Neno "sababu" ndilo linaloachwa mara nyingi zoezi hili linaposimuliwa upya, na nitalirudia hapa chini kwa kuwa kwa maoni yangu ndiyo nusu ya kazi.

Kuhusu usingizi wenyewe, Alex Wood na wenzake walichunguza mwaka 2009 watu 401 nchini Uingereza, na asilimia 40 kati yao walikuwa na usingizi mbovu wa kiwango cha kuhitaji kutazamwa na mtaalamu. Wenye tabia ya kushukuru walilala vizuri zaidi, muda mrefu zaidi, na walichukua muda mfupi kupata usingizi. Uhusiano huo ulielezwa na mawazo waliyokuwa nayo kabla ya kulala: walikuwa na mawazo mema mengi zaidi na mabaya machache zaidi. Utafiti huo uliwapima watu kwa wakati mmoja tu, kwa hiyo hauwezi kusema kwamba shukrani ndiyo iliyoleta usingizi. Huenda aliyelala vizuri huona wepesi wa kushukuru. Majaribio yaliyofuata yanapunguza shaka hiyo kidogo. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya jaribio la Marta Jackowska na wenzake, lililowahusisha wanawake 119, ambapo walioandika shukrani kwa wiki 2 waliripoti usingizi bora. Awali ya hapo, mwaka 2011, Nancy Digdon na Amy Koble walikuwa wamewapa wanafunzi 41 nchini Kanada mojawapo ya njia 3, yaani kuandika wasiwasi na hatua za kuushughulikia, kujenga taswira nzuri akilini, au kuandika shukrani. Wote walipata nafuu, na hakuna njia iliyoishinda nyingine.

Matokeo haya ya mwisho ni ya kundi dogo, lakini yanaeleza kwa nini nasema kwamba kinachofanya kazi ni kubadilishwa kwa kile kinachoikalia akili. Na anayedai kwamba shukrani peke yake humtoa mtu katika sonona asome uchambuzi wa David Cregg na Jennifer Cheavens wa mwaka 2021, uliojumlisha tafiti 27: mazoezi ya shukrani yalipunguza dalili za sonona na wasiwasi kwa kiasi kidogo tu, na waandishi hao walishauri kwamba wenye matatizo hayo watafute tiba zilizothibitishwa.

Kwanza kesho, halafu leo

Kabla sijaeleza namna ya kushukuru, kuna kazi inayotangulia ambayo washauri wengi huiruka. Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor waliwaleta vijana 57 kwenye maabara ya usingizi na kuwapima kwa vifaa vinavyorekodi mawimbi ya ubongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kabla ya taa kuzimwa, nusu yao waliandika kwa dakika 5 mambo wanayotakiwa kuyafanya siku zijazo, na nusu nyingine wakaandika mambo waliyokwisha kuyakamilisha. Mtu angetegemea kwamba kuandika kazi zinazokusubiri kungeongeza wasiwasi, lakini ilikuwa kinyume: walioandika ya kesho walilala mapema kwa takriban dakika 9, na kadiri orodha ilivyokuwa na maelezo mahususi ndivyo walivyolala haraka zaidi.

Wasiwasi usioandikwa ni mgeni anayebisha hodi: ataendelea kubisha mpaka aitikiwe. Ukimwitikia kwa kuandika "Jumatatu kabla ya saa nne, niende shuleni nikaombe kulipa ada kwa awamu," akili haina tena sababu ya kukukumbusha, kwa sababu jambo limeshawekewa siku na hatua. Ukiandika "ada" tu, hujaitikia. Ni vyema orodha hii iandikwe mezani au sebuleni, si kitandani, ili kitanda kisigeuke kuwa ofisi. Nasisitiza utaratibu huu kwa sababu shukrani inayoanza wakati wasiwasi bado haujasikilizwa huwa ni kuufukuza wasiwasi kwa jina jingine, na tumeshaona kufukuza kunavyoishia.

Baada ya hapo ndipo ije shukrani, na ubora wake unategemea zaidi umahususi kuliko wingi. "Nashukuru kwa uhai, afya na familia" ni maneno mema, lakini akili ikiyazoea inayapita bila kugusa chochote. Linganisha na hili: "Leo binti yangu alisoma ukurasa mzima bila kusaidiwa, kwa sababu shangazi yake amekuwa akikaa naye kila jioni tangu shule zifungwe." Sentensi ya pili ina siku, ina tendo, ina mtu, na ina sababu. Kuiandika kunakulazimisha urudi kwenye jioni ile, uione sura ya mtoto akinyanyua kichwa kutoka kwenye kitabu, ukumbuke kwamba kuna mtu mzima aliyetoa muda wake bila kuombwa. Hiyo ndiyo kazi inayoijaza akili. Na sababu, ukizifuata kwa uaminifu, mara nyingi zinakupeleka kwa watu: konda aliyekukimbilia na mwavuli uliousahau ndani ya daladala, mama lishe aliyekuwekea chakula akijua kwamba utachelewa, muuguzi aliyekueleza kwa upole jinsi ya kumeza dawa. Mtu aliyeona siku yake nzima kuwa ni mapambano ya peke yake anagundua kwamba hakuwa peke yake.

Ukubwa wa jambo si kigezo. Siku ngumu inaweza isitoe zaidi ya maji yaliyotoka bombani kabla hujakata tamaa, au mvua iliyosubiri mpaka nguo zikauke, na hayo yanatosha. Katika majaribio ya Seligman yalikuwa mambo 3, lakini sioni sababu ya mtu kujilazimisha kufikisha 3 usiku ambao una 1 la kweli. Kujaza idadi kunageuza tafakari kuwa mtihani, na mtihani haumlazi mtu.

Daftari na kalamu ni bora kuliko simu. Simu inatoa mwanga, na tena anayeifungua ili aandike shukrani hukutana na ujumbe wa kumkumbusha mkopo kabla hajaandika neno la kwanza. Lakini si kila nyumba ina nafasi ya daftari la usiku. Familia nyingi hulala watu kadhaa katika chumba kimoja, na taa huzimwa mapema kwa ajili ya watoto. Hapo mtu anaweza kuhesabu kwa vidole akiwa ndani ya chandarua, au wawili wakaambiana kwa sauti ya chini. Kwa watoto, swali la moja kwa moja kama "Leo nani alikusaidia, na alikusaidiaje?" hupata jibu la kweli, ilhali kumwamuru mtoto ashukuru humfundisha kutamka tu.

Kuhusu mara ngapi, wengi hudhani kwamba kila usiku milele ndiyo sahihi. Sonja Lyubomirsky na wenzake waliripoti mwaka 2005 kwamba walioandika mambo ya kushukuru mara 1 kwa wiki waliongezeka furaha, ilhali walioandika mara 3 kwa wiki hawakuongezeka, labda kwa sababu zoezi liligeuka kuwa la kuchosha. Kwa upande mwingine, majaribio ya Seligman na ya Emmons niliyoyataja yalifanywa kila siku, yakaleta matunda. Ninavyoona, mtu aanze kila usiku kwa wiki moja au mbili ili tabia ishike, halafu apunguze mara tu anapojikuta akirudia maneno yaleyale.

Shukrani inayomnyamazisha mtu

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa zaidi katika mada hii. Kuna sentensi ambayo karibu kila mtu mwenye shida amewahi kuambiwa: "Shukuru, wapo wenye hali mbaya kuliko yako." Anaambiwa mfanyakazi ambaye hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa, anaambiwa mke anayepigwa kwa kuwa angalau ana ndoa, anaambiwa mama aliyepoteza mimba kwa kuwa tayari ana mtoto mwingine. Maneno hayo hutolewa kwa nia njema mara nyingi, lakini kazi yanayoifanya ni kumwondolea msikilizaji mzigo wa kusikiliza. Ni kweli kwamba upo wasia wa Mtume, katika Bukhari na Muslim, wa kumtazama aliye chini yako katika mambo ya dunia badala ya aliye juu, ili usidharau neema ya Mwenyezi Mungu. Wasia huo ni wa mtu kuutumia dhidi ya tamaa yake mwenyewe. Kuuchukua na kumwekea mdomoni mtu anayelia ni kuuelekeza pasipo pake.

Hasira ya mtu aliyedhulumiwa hubeba taarifa: inamwambia kwamba kuna haki iliyovunjwa. Akiizima kila usiku kwa shukrani, anaweza kulala vizuri na akaamka kila asubuhi ndani ya dhuluma ileile. Utaratibu wa orodha mbili unalinda dhidi ya hatari hiyo. Mfanyakazi yule aandike kwenye orodha ya kesho kwamba atakwenda kwa chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi akiwa na mkataba wake, kisha, kwa dhati hiyohiyo, amshukuru jirani aliyemkopesha unga. Mambo yote mawili ni ya kweli katika siku moja, na hakuna linalolifuta jingine.

Kuna ugumu mwingine ambao tafiti za Marekani haziuoni kwa urahisi. Kristin Layous na wenzake walilinganisha wanafunzi wa Marekani na wa Korea Kusini mwaka 2013, wakaona kwamba kuandika barua za shukrani kuliwanufaisha Wakorea kidogo kuliko Wamarekani, ilhali kuwatendea wengine wema kuliwanufaisha wote. Maelezo mojawapo ni kwamba, mahali ambapo watu wamefungamana sana, kukumbuka msaada ni kukumbuka pia wajibu wa kuurudisha. Nasi tunaishi hivyo. Michango ya harusi na ya misiba huandikwa, na anayekumbuka kitandani nani alimchangia anaweza kuishia kuhesabu nani anamdai. Mtu anayejiona akielekea huko achague usiku huo mambo yasiyodai kurudishwa, kama mbingu iliyotakata baada ya mvua, wimbo wa zamani aliousikia akipita njiani, au kazi aliyoifanya vizuri kwa mikono yake.

Aliyefiwa naye ana haki ya kuachwa. Minkyung Koo, Timothy Wilson na wenzao walionyesha mwaka 2008 kwamba mtu huthamini zaidi jambo jema akijaribu kufikiria maisha yake kama lisingetokea, na njia hiyo hutajwa sana. Nisingempa njia hiyo mtu yeyote aliye katika msiba, wala mwenye hofu ya kupoteza, kwa sababu kwake kuwaza "kama asingekuwepo" si zoezi. Usiku wa matanga ni wa kulia na kukaa na watu.

Pale tatizo si mawazo

Mtu anayekosa usingizi angalau usiku 3 kwa wiki, kwa muda wa miezi 3 au zaidi, huku mchana wake ukiharibika, ana tatizo ambalo tabibu hulitambua kwa jina na kulitibu. Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba tiba ya kwanza kwa watu wazima wa aina hii iwe ile ya kubadili fikra na tabia zinazohusu usingizi, kabla ya vidonge. Ndani yake kuna mambo ambayo mtu anaweza kuanza nayo nyumbani: kuamka saa ileile kila siku hata baada ya usiku mbaya, kutumia kitanda kwa usingizi na tendo la ndoa tu, na kuondoka kitandani kwa muda ikiwa usingizi haujaja baada ya kama dakika 20, badala ya kulala ukishindana nao. Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini anahitaji kupimwa, na hakuna idadi ya shukrani itakayofungua njia yake ya hewa. Anayekunywa chai ya rangi iliyokolea au kahawa jioni ajue kwamba nusu ya kafeini huweza kubaki mwilini kwa takriban saa 5. Na yule ambaye kila akitafuta jambo jema haoni lolote, wiki baada ya wiki, asilichukulie hilo kuwa ni utovu wa shukrani. Kushindwa kuona raha katika chochote ni miongoni mwa dalili kuu za sonona, na mahali pake ni hospitalini.

Kwa wengine wote, jaribio halina gharama. Mtu alifanye kwa wiki 2, orodha ya kesho ikitangulia na shukrani ikifuata, kisha ajiulize kama anakaa muda mfupi zaidi gizani akiwaza, na kama asubuhi anaamka akiwa mwepesi kidogo kuliko alivyozoea. Akiona nafuu, aendelee kwa kadiri inavyomfaa. Asipoiona, aiache shukrani ya usiku bila kujilaumu na abaki na orodha ya kesho, kwa kuwa wako watu ambao usingizi wao huja kwa mlango huo zaidi, na shukrani zao wanaweza kuzitoa asubuhi, ana kwa ana, kwa wale wanaostahili kuzisikia.